Tathmini ya Huduma: Leza ya Ukungu Unaofuata Upasuaji wa Mtoto wa Jicho katika Kliniki Moja ya Dodoma

Kliniki ninayoitathmini hapa ni ya binafsi, ipo Dodoma mjini, na kazi yake kubwa ni upasuaji wa mtoto wa jicho pamoja na leza ya kuwasaidia wale ambao macho yao, baada ya kupasuliwa na kuona vizuri kwa muda, yameingia ukungu upya. Jina lake silitaji, kwa kuwa sehemu ya niliyo nayo ni malalamiko, na malalamiko ya mteja mmoja hayatoshi kuichafulia jina taasisi ambayo katika mambo mengine inafanya kazi nzuri. Hukumu yangu naiweka mapema: leza yao inaaminika, uchunguzi wao ni makini kuliko nilivyotarajia, lakini maelezo wanayompa mgonjwa kabla ya upasuaji wa kwanza ni haba mno, hasa kuhusu nani yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ukungu huo na kwa sababu gani. Kwa maoni yangu, kliniki ya macho hupimwa kwa maelezo hayo sawasawa na inavyopimwa kwa mashine zake.

Niliyempeleka pale ni mama mkubwa, mkulima wa zabibu na uwele wa upande wa Hombolo, ambaye umri wake umevuka miaka 60 na ambaye anaishi na kisukari. Jicho lake la kushoto lilipasuliwa katika kambi ya macho miaka kadhaa iliyopita, likaona vizuri kiasi cha yeye kurudi kuchambua mawe kwenye mchele bila kumwita mjukuu. Baadaye uoni ulianza kufifia polepole, bila maumivu wala wekundu: taa za bodaboda zikawa zinatawanyika usiku, mng'ao wa jua la mchana ukawa unamsumbua, na rangi za vitenge katika soko la Majengo zikapauka machoni pake. Nyumbani kila mtu alikuwa na hakika kwamba mtoto wa jicho amerudi, na jirani mmoja alikwisha kuleta matone ya mitishamba ambayo, kwa bahati nzuri, hayakuwahi kufunguliwa.

Mtoto wa jicho harudi, kwa kuwa lenzi ya asili iliyopatwa na ugonjwa huo huwa imekwisha kutolewa. Katika upasuaji, daktari hukata tundu la mviringo upande wa mbele wa kifuko kinachoizunguka lenzi, huondoa kiini pamoja na nyama laini ya pembeni, kisha huingiza lenzi ya bandia ndani ya kifuko hicho hicho. Kinachobaki ni utando mwembamba unaopitisha mwanga, mfano wa ganda la zabibu iliyokamuliwa, na kwenye kingo za ganda hilo hubaki seli ambazo hakuna daktari anayeweza kuziondoa zote. Seli hizo huendelea kuishi, huzaliana, na hutambaa kuelekea katikati ya ukuta wa nyuma wa kifuko, mahali ambapo mwanga hupita kwenda kwenye retina, yaani sehemu ya ndani kabisa ya jicho inayopokea picha. Baadhi huvimba na kufanya viputo vidogo ambavyo madaktari huviita lulu za Elschnig, na nyingine hugeuka nyuzi zinazoukunja utando na kuupotosha mwanga. Hayo yanaweza kutokea baada ya miezi michache au baada ya miaka mingi.

Tatizo lenyewe ni la kawaida. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikadiria kwamba ukungu huu hutokea katika asilimia 11.8 ya macho ndani ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, asilimia 20.7 ndani ya miaka 3, na asilimia 28.4 ndani ya miaka 5. Takwimu hizo zilitokana na lenzi za wakati ule, na lenzi zilizokuja baadaye zimevishusha viwango hivyo, lakini hazikuufuta ugonjwa. Umri wa tatizo hili unalingana na umri wa lenzi za bandia zenyewe. Harold Ridley, daktari aliyepandikiza lenzi ya kwanza katika hospitali ya St Thomas' mjini London tarehe 29 Novemba 1949, alitumia plastiki ngumu ya PMMA kwa sababu alikuwa ameona kwamba vipande vya vifuniko vya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe mkubwa. Plastiki ikakubalika ndani ya jicho, lakini utando wa nyuma uliendelea kuingia ukungu. Jambo linalojulikana kwa muda wote huo halina udhuru wa kunyamaziwa kwenye chumba cha ushauri.

Nikirudi kwenye huduma yenyewe, muuguzi wa mapokezi alimwamkia mama mkubwa kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kutoka hapo bibi akatulia, hata mkoba aliokuwa ameukumbatia akauweka chini. Uoni ulipimwa kwa chati ya herufi E zinazotazama pande nne, ambayo ndiyo inayomfaa asiyesoma, na mpimaji alimwachia muda wa kuonyesha upande kwa vidole bila kumharakisha. Jicho la kushoto lilifikia mstari wa 6/36, yaani kwa mita 6 liliona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 36. Kisha akawekewa kibao chenye matundu madogo mbele ya jicho, na uoni haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Kipimo hicho kidogo kina uzito wake: kama uoni ungepanda sana kupitia tundu, tatizo lingeelekea kuwa la miwani tu, na mgonjwa angeweza kurudi nyumbani na karatasi ya miwani badala ya leza. Nimewahi kusikia wazee waliopelekwa kwenye leza bila hatua hii, kwa hiyo naihesabu kuwa alama ya heshima kwa kliniki.

Baada ya kupimwa presha ya macho na kuwekewa matone ya kupanua mboni, alikaa kwenye darubini, kidevu kwenye kitako chake na paji la uso kwenye mkanda. Daktari alinikaribisha kutazama kwenye skrini. Nilichokiona ni duara la lenzi lenye ukingo ulio wazi, na nyuma yake kundi la viputo vilivyosongamana kutoka upande wa chini hadi katikati, vikimeta kila mwanga ulipoinamishwa. Upande wa juu, ambako ukingo wa tundu la mbele la kifuko ulikuwa umeilalia lenzi vizuri, utando ulikuwa bado safi. Upande wa chini ukingo huo haukuifikia lenzi kabisa. Daktari alikionyesha kwa kalamu na kusema kwamba hapo ndipo seli zilipopata njia.

Kalamu ile ilinifundisha zaidi ya kijitabu chochote. Wapasuaji wengi hupenda tundu la mbele liwe dogo kidogo kuliko lenzi, kwa mfano milimita 5 hivi kwa lenzi yenye kipenyo cha milimita 6, ili ukingo wa kifuko uilalie lenzi pande zote, uikandamize kwa nyuma, na kuufanya utando wa nyuma ujikunje kwenye ukingo wa lenzi. Mkunjo huo ndio unaozuia seli zisivuke. Tundu likiwa kubwa mno, likikatwa kwa upande mmoja, au lenzi ikikaa nusu ndani ya kifuko na nusu nje, kizuizi hukatika na seli hupenya. Kusafisha nyama laini ya pembeni kwa haraka haraka huacha seli nyingi zaidi, na hilo nalo huongeza uwezekano wa ukungu. Haya ni mambo ya mkono wa daktari, ambayo mgonjwa hana uwezo wa kuyaona wala kuyadhibiti, na hayatofautiani kwa kuwa upasuaji ni wa tundu dogo unaofanywa kwa mkono bila mashine, unaotumika sana katika nchi zetu, au ni wa mashine ya mawimbi ya sauti.

Lenzi yenyewe ndiyo sababu inayofuata, na hapa ndipo nilipotaka kujua zaidi kuliko kliniki ilivyokuwa tayari kunieleza. Lenzi zenye ukingo wa pembe kali huzuia seli kuliko zenye ukingo wa mviringo. Akriliki inayokataa maji kwa kawaida huacha utando safi kwa muda mrefu zaidi kuliko akriliki inayonyonya maji. Wengi huamini kwamba tofauti hii ni ya bei tu, yaani lenzi ghali ni salama na lenzi ya bei nafuu ni ya kubahatisha, lakini tafiti zilizofanywa India zilionyesha kwamba hata lenzi ya plastiki ngumu ya PMMA, ambayo ndiyo ya bei nafuu, hupunguza ukungu ikichongwa ukingo wa pembe kali. Kwa hiyo swali la mteja linapaswa kuwa juu ya ukingo wa lenzi kabla halijawa juu ya bei yake.

Mama mkubwa hakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha lenzi aliyowekewa. Kadi aliyotoka nayo kambini ilikuwa na jina lake, tarehe, jicho lililopasuliwa, na mhuri. Aina ya lenzi, nguvu yake na namba yake havikuandikwa, ingawa kila pakiti ya lenzi huja na vibandiko vyenye taarifa hizo, vilivyokusudiwa kubandikwa kwenye faili na kwenye kadi ya mgonjwa. Sina ugomvi na kambi za macho. Bila kambi hizo wazee wengi wa Bahi, Chamwino na Manyoni wangekuwa wanashikwa mkono hadi leo. Lakini kibandiko hakina gharama, kwa kuwa tayari kimo ndani ya pakiti.

Sababu za upande wa mgonjwa zilikuja kwa njia ya maswali, na daktari aliuliza kwa mpangilio mzuri. "Mama, kabla ya kupasuliwa, jicho liliwahi kuuma likawa jekundu na kuukimbia mwanga?" Mama mkubwa akajibu, "Hapana, mwanangu, lilifunga tu." Swali hilo lilihusu uvimbe wa ndani ya jicho, ambao wataalamu huuita uveitisi, na ambao huamsha seli zilizobaki na kuleta utando mapema na mzito zaidi. Akauliza kama jicho liliwahi kupigwa na jiwe, tawi au ngumi, kwa kuwa mtoto wa jicho anayetokana na jeraha huacha kifuko kilichodhoofika na uvimbe unaochelewa kuisha. Akauliza pia kama alikuwa haoni mbali tangu utotoni, kwa sababu macho marefu, yale yanayohitaji miwani mikali ya kuona mbali, yamo katika orodha ya hatari. Kwa watu wa namna hiyo hata leza huhitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa retina zao huelekea kuachia, yaani kubanduka mahali pake, kwa urahisi.

Umri ni jambo ambalo watu hulielewa kinyume. Wengi hudhani kwamba mzee ndiye atakayesumbuliwa zaidi, ilhali seli za mtu mwenye umri mdogo ndizo zenye nguvu ya kuzaliana. Kijana wa miaka 30 anayepasuliwa mtoto wa jicho ana uwezekano mkubwa wa kupata ukungu kuliko bibi wa miaka 75, na kwa watoto wadogo ukungu ni jambo la kutarajiwa karibu kwa kila jicho, kiasi kwamba madaktari wa macho ya watoto hutoboa utando wa nyuma na kuondoa sehemu ya ute ulio nyuma yake wakati ule ule wa upasuaji. Mzazi anayempeleka mtoto wake kupasuliwa na asiambiwe hili amepewa nusu ya habari. Mtoto hajui kulalamika kwamba uoni umefifia, na jicho lake, likikosa picha safi katika miaka ya mwanzo, linaweza kuzoea kutoona hata baada ya njia kusafishwa.

Kuhusu kisukari, nilipenda unyoofu wa daktari. Hakusema kwamba kisukari ndicho kilicholeta ukungu. Alieleza kwamba tafiti hazikubaliani: baadhi zimekuta ukungu mwingi zaidi kwa wenye kisukari, nyingine hazikuona tofauti, na zipo zilizokuta hata kinyume chake. Alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba kisukari kinaweza kuharibu retina na kuleta maji katikati yake, na kwamba maji hayo humfanya mgonjwa aone ukungu ule ule ambao leza haiwezi kuugusa. Kwa hiyo alichungulia retina yote kwanza, kwa lenzi ya mkononi, taratibu, akimwambia mama mkubwa atazame juu, chini, kushoto, kulia. Retina ilikuwa na madoa machache tu ya kisukari, mbali na kitovu cha kuona. Ndipo akasema kwamba leza itasaidia.

Napenda kuongeza jambo moja la mkoa wetu. Eneo hili la kati, na hasa Kongwa ambako utafiti mwingi wa trakoma, yaani vikope, umefanyika, lina wazee wengi waliougua vikope tangu utotoni, na kope zilizogeukia ndani zimewakwaruza kioo cha jicho na kuacha makovu meupe. Mzee kama huyo akipasuliwa mtoto wa jicho, kisha akaona ukungu, huenda ukungu huo upo mbele kabisa, kwenye kioo, na leza ya utando wa nyuma haitamfaa kitu. Katika chumba cha kusubiria palikuwa na babu wa aina hiyo, na nilimsikia daktari akimweleza kwa subira kwamba kwanza kope zake zirekebishwe. Kliniki ambayo ingetanguliza fedha ingemwingiza kwenye leza. Na kwa kuwa vumbi la Dodoma husingiziwa kila ugonjwa wa macho, niseme pia kwamba halina hatia katika jambo hili: haliwezi kuingia ndani ya kifuko cha lenzi. Moshi wa jikoni, kusoma usiku na kulia msibani navyo havina hatia.

Leza yenyewe ilichukua dakika chache. Mashine inayotumika ni ya aina ya YAG, ambayo ilianza kutumika kwa kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia kazi za Danièle Aron-Rosa wa Ufaransa na Franz Fankhauser wa Uswisi; kabla ya hapo utando ulikuwa ukitobolewa kwa sindano au kisu ndani ya chumba cha upasuaji. Mwanga wake wa nanomita 1,064 hauonekani kwa macho, kwa hiyo daktari hulenga kwa nukta nyekundu za mwanga mwingine. Mama mkubwa aliwekewa matone ya ganzi, kisha lenzi ndogo yenye jeli ikawekwa juu ya jicho ili kulituliza. Kilichosikika ni mlio mdogo wa kuchapa, ukakoma, ukasikika tena, na kila ulipochapa kipande cha utando kilifunguka kwenye skrini kikajikunja pembeni. Daktari alianza pembeni mwa njia ya kuona, akaja kuunganisha vipande katikati, akaacha tundu la milimita 3 hadi 4 hivi. Mama mkubwa hakulalamika maumivu. Alisema tu kwamba aliona vimulimuli.

Alionywa kabla ya kuanza, na hili ni jambo la kusifu, kwamba ataona vidoa vinavyoelea kwa siku kadhaa, kwamba presha ya macho inaweza kupanda katika saa za mwanzo, na kwamba, kwa watu wachache, retina inaweza kuvimba au kuachia baada ya wiki au miezi. Presha ilipimwa tena baada ya muda wa kusubiri, akapewa matone ya kupunguza uvimbe ya kutumia nyumbani, na muuguzi akamfundisha kwamba akiona pazia jeusi linashuka upande mmoja, au miali ya ghafla, au vidoa vingi vinavyoongezeka, arudi siku hiyo hiyo. Maelekezo hayo alipewa kwa mdomo na kwa maandishi makubwa. Aliporudi kwa marudio, jicho lilisoma 6/12, na kwa miwani ya kusomea aliweza kuona ujumbe wa mjukuu kwenye simu. Utando uliofunguliwa kwa leza kwa kawaida haufungi tena kwa mtu mzima, ingawa hutokea mara chache.

Sasa malalamiko. Bei haikubandikwa mahali popote. Tulilipa kumwona daktari, tukalipa vipimo, kisha gharama ya leza tukaijua mboni ikiwa imekwisha kupanuliwa, wakati ambapo mgonjwa hawezi tena kuondoka kirahisi kwenda kulinganisha bei kwingine. Kuhusu bima, dirisha la malipo lilitupa jibu moja na mapokezi wakatupa jingine. Mwenye bima aulize mapema, kwa maandishi ikiwezekana, kama kifurushi chake kinagharamia leza hii. Chumba cha kusubiria kina madirisha yanayotazama magharibi bila mapazia, na watu waliopanuliwa mboni hukaa pale alasiri wakijifunika nyuso kwa kanga na kofia. Kliniki ya macho isiyo na pazia ni jambo la kushangaza, na kitambaa hakikosekani Dodoma.

Lalamiko kubwa zaidi linahusu wale wanaojiandaa kwa upasuaji wa kwanza. Karibu yetu alikaa baba mmoja aliyetoka Manyoni, mtu wa makamo, ambaye alikuwa ameandikishwa kupasuliwa kesho yake. Mshauri alimweleza kuhusu kutokula kitu fulani, kuhusu kuja na msindikizaji, kuhusu malipo, kisha akamalizia, "Baba, utaona kama zamani." Hakuna aliyemuuliza kuhusu jeraha wala uvimbe wa zamani, wala aliyemwambia kwamba, kwa umri wake usio mkubwa, huenda baada ya muda akahitaji leza, na kwamba ikitokea hivyo asidhani upasuaji umeharibika. Daktari yule yule aliyemhoji mama mkubwa kwa makini angeweza kumweleza hayo kwa dakika 5. Tatizo ni kwamba ushauri wa kabla ya upasuaji umeachiwa mtu mwingine, mwenye karatasi isiyo na mstari wowote kuhusu jambo hili. Mtu asiyeambiwa hukaa nyumbani na ukungu wake, akiamini kwamba macho yamekwisha, na wengine hukaa hivyo kwa miaka ilhali tiba ni ya dakika chache.

Nililisema hili kwa msimamizi, naye alilipokea vizuri, akakiri kwamba karatasi yao ni ya zamani. Kama wameibadilisha, sikukaa kuona. Nilimuuliza pia kuhusu jicho la kulia la mama mkubwa, ambalo linasubiri upasuaji, kwamba litawekewa lenzi ya aina gani. Jibu la kwanza lilikuwa jina la biashara. Nilipouliza kuhusu ukingo na kuhusu kadi yenye kibandiko, alimwita daktari, na daktari akajibu bila kusita: akriliki inayokataa maji, ukingo wa pembe kali, na kibandiko kitabandikwa kwenye faili na kwenye kadi ya mgonjwa. Jibu lilikuwepo, lilikuwa zuri, na lilihitaji kuulizwa mara tatu. Mteja wa kutoka kijijini asiyejua cha kuuliza angetoka na jina la biashara peke yake.

Wapo watakaouliza kama kuna haja ya kwenda kliniki ya binafsi. Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa zipo mjini hapa hapa, Hospitali ya Mvumi katika Wilaya ya Chamwino ina jina la muda mrefu katika tiba ya macho, na kwa matatizo makubwa majina ya KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam hayakosekani. Ushauri wangu ni kupiga simu kwanza na kuuliza kama mashine ya leza inafanya kazi wiki hiyo na ni siku zipi daktari wake yupo, kabla ya kumpandisha mzee kwenye Coaster kutoka Kondoa au Mpwapwa. Sisi tulichagua kliniki hii kwa sababu ya kupata uchunguzi, leza na kupimwa presha siku moja, na kwa mtu anayelipa nauli ya watu wawili hilo lina thamani yake.

Tumekubaliana na mama mkubwa kwamba jicho la kulia litapasuliwa pale pale, baada ya mavuno ya zabibu na baada ya sukari kutulia, kwa sharti kwamba kadi ya lenzi itolewe kabla ya kulipa salio. Anayekwenda pale kwa leza aje na kadi yake ya upasuaji wa awali hata kama imechakaa, orodha ya dawa anazotumia, miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana, na mtu wa kumshika mkono wakati wa kurudi, kwa kuwa mboni hubaki imepanuka kwa saa kadhaa na kivuko cha barabara kuu mbele ya kliniki hakina taa. Afike asubuhi: baada ya saa sita mchana jua huwa limeshaingia kwenye yale madirisha.